Kobe wa manjano hataki kutoka kwenye dashibodi

SWALI

Mzee Fundi, assalaamu alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Wete. Mwaka jana nilinunua gari kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Ni Toyota Spacio ya mwaka 2001, injini ile ndogo ya 1NZ, petroli, otomatiki. Mwenyewe alikaa nayo miaka mitano. Siku aliyonipa funguo aliniambia, "Gari hii haijapata kunilaza njiani," na kweli miezi minane ya mwanzo sikuwa na neno nayo. Kila siku skuli na kurudi, na mwisho wa wiki nashuka Chake kwa mama.

Shaabani, nilipoona Ramadhani imekaribia, nikaipeleka servisi. Walibadilisha oili na filta yake, filta ya hewa na plagi zote nne. Siku ya tatu au ya nne baada ya hapo ikawaka ile taa ya manjano yenye sura ya injini. Mwanangu mdogo anaiita kobe, na nyumbani sote sasa tunaiita hivyo.

Fundi wa kwanza alichomoa waya wa betri, akanywa chai, akaurudisha. Kobe akaondoka. Nikalipa elfu kumi. Siku ya tatu kobe karudi.

Wa pili alikuja na kimashine kidogo cha kuchomeka chini ya usukani. Kikakataa kabisa kusoma. Akasema kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa, niandae laki nne na nusu anitafutie ya mtumba kutoka Unguja. Alhamdulillahi sikuwa nazo.

Wa tatu yuko Chake, ana mashine kubwa. Hiyo ikasoma. Aliniandikia kwenye kipande cha karatasi, ninacho mpaka leo: "P0171. Kusimama +23. Kwa 2500 +6." Sikuelewa na niliona haya kuuliza. Akasema ni oksijeni sensa, akanitilia ya mtumba, elfu tisini pamoja na ufundi. Siku ya pili kobe huyo hapo. Niliporudi akaniambia basi ni masega ya kwenye ekzosi, yale ya kusafishia moshi, yatolewe. Kazi hatanitoza hata shilingi, nimwachie tu hayo masega ya zamani.

Gari yenyewe iko hivi. Asubuhi nikiwasha inatetemeka. Nikisimama kupakia mtu, mshale wa mzunguko wa injini unapanda na kushuka kama inapumua. Lakini nikishika njia ya Chake inakwenda vizuri, unaweza kusahau kuwa ina maradhi. Petroli inakwisha upesi kuliko zamani. Na mara mbili, boneti ikiwa wazi, nimesikia sauti kama mtu anayesema "psss" baina ya meno.

Sasa la aibu. Siku ile sensa iliposhindwa nilimpigia dada yangu simu nikamwambia mumewe kaniuzia maradhi, na bila shaka aliificha taa ile makusudi. Shemeji alikuwa karibu, akasikia. Ni wiki ya sita sijakanyaga kwao, hata mkono wa Idi tulipeana kwa simu.

Niiuze? Nitoe masega? Au nitafute hizo pesa za kontrol boksi?

Mwalimu, Wete


JIBU

Waalaykum salaam, Mwalimu.

Usiuze, usitoe masega, na kontrol boksi isahau. Karatasi uliyoificha kwenye pochi kwa haya ndiyo yenye jawabu, na aliyeiandika hakuisoma. Inaniudhi, kwa sababu kazi ngumu alikuwa keshaimaliza.

Nianze na hiyo P0171. Watu wengi wanaichukua namba kama jina la kifaa kilichokufa: namba fulani, nunua sensa fulani. Sivyo. Namba ni lalamiko la kompyuta. Injini ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli, na oksijeni sensa kazi yake ni kuonja moshi unaotoka na kumwambia mkubwa wake kama petroli imezidi au imepungua. P0171 maana yake ni hii: "Mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, nimeongeza petroli mpaka nimefika mwisho wa uwezo wangu, bado hautoshi." Sensa ndiyo iliyotoa habari hiyo. Fundi wako akamfukuza mwonjaji kwa sababu kasema mchuzi hauna chumvi, akaajiri mwonjaji wa mtumba, naye akasema vilevile.

Ile sensa yako ya mwanzo iko wapi? Kama unayo, ihifadhi. Kama kabaki nayo fundi, kaidai. Kwa niliyoyasoma hapa sioni kosa la sensa hiyo, na mimi kwenye sensa za mtumba sina imani kabisa. Ni kifaa kinachochakaa kwa moto na moshi, na huyo anayekuuzia hajui kimekaa miaka mingapi kwenye ekzosi ya mwenziwe.

Sasa zile namba mbili nyingine, na hapa naomba usome polepole kama unavyosahihisha madaftari.

Kompyuta ya gari ina hesabu yake: hewa kiasi hiki imeingia, basi mwaga petroli kiasi hiki. Halafu inasikiliza sensa na kujisahihisha. Alama ya kujumlisha inaonyesha imelazimika kuongeza petroli, na ya kutoa inaonyesha imepunguza. Gari nzima huchezacheza karibu na sifuri, na hata ikifika 10 huku au huku sishtuki. Yako, ikiwa imesimama inanguruma tu, inaongeza asilimia 23. Ukikanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika, inaongeza 6 tu, yaani karibu imepona.

Kitu gani kinachoumwa injini ikipumzika na kupona ikifanya kazi? Hewa ya wizi. Injini ikiwa imesimama, kile kilango cha hewa unachokifungua kwa mguu kimefungwa karibu chote, kwa hiyo nyuma yake kuna mvuto mkali, na hewa halali inayopita ni kidogo mno. Pakiwa na tundu mahali popote baada ya kilango hicho, hewa inanyonywa kwa nguvu bila kupita kwenye kipimo kinachohesabu hewa inayoingia. Kompyuta haijui kama imeingia. Ukikanyaga, kilango kinafunguka, mvuto unalegea, hewa halali inaingia kwa wingi, na ile ya wizi haihesabiki tena. Kijiko cha maji ukikitia kwenye kikombe cha chai utakijua kwenye ulimi. Kwenye pipa, nani atakijua?

Ndiyo maana njia ya Chake gari inakwenda kama haina kitu. Ndiyo maana ukisimama mshale unapanda na kushuka. Na hiyo "psss" yako ni sauti ya tundu lenyewe. Mafundi watatu hawakuisikia, ukaisikia wewe.

Kama ingekuwa pampu ya petroli imechoka au filta yake imeziba, namba zingekaa kinyume: ndogo ukisimama, na zinakua kila unavyoitaka injini nguvu, mpaka kilima kikawa kinakushinda. Kwa hiyo akitokea wa nne akakwambia pampu, muulize kwanza kwa nini 2500 imetoka 6.

Na mashine ya fundi wa pili, ile iliyokataa kusoma, haikuthibitisha kifo cha kontrol boksi. Kontrol boksi ikifa, gari kwa kawaida haiwaki. Yako inakwenda Chake na kurudi! Kilichopo ni kwamba Marekani iliyalazimisha magari yote mapya ya kuanzia modeli za 1996 yazungumze lugha moja na mashine za kupimia, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Hizi gari zetu nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani kwenyewe, zina tundu lilelile la miguu 16 chini ya usukani, lakini za umri wa yako si zote zinazokubali kuzungumza na vimashine vya bei rahisi. Ni kama kumwita mtu kiziwi kwa sababu hajajibu salamu ya Kichina.

Hata bila mashine, Toyota za zama hizo zina njia yao ya zamani. Fundi anaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kijiwaya, anafungua swichi bila kuwasha injini, na kobe mwenyewe anaanza kukonyeza. Akikonyeza mara mbili, akatulia kidogo, akakonyeza mara tano, hiyo ni 25, lalamiko lilelile la petroli kupungua. Akikonyeza mfululizo bila kutulia, hana lalamiko. Tafadhali usijaribu mwenyewe kwa pini ya ushungi. Tundu la 16 lina umeme wa betri wakati wote, na ukikosea tundu utaunguza fyuza, ukiwa na bahati.

Turudi kwenye tundu letu la hewa. Siwezi kuliona nikiwa Unguja, lakini barua yako inanipa tarehe: siku tatu nne baada ya servisi. Kubadilisha plagi za 1NZ lazima uvue kava la juu, uchomoe koili nne, na mkono unapita katikati ya mipira ya hewa. Kubadilisha filta ya hewa lazima uguse boksi lake na mpira unaotoka pale. Mipira hiyo ina zaidi ya miaka 20 ikipikwa juu ya injini. Imekauka kama kifuu. Ukiukunja kidogo tu unapasuka, na mara nyingi unapasuka upande wa chini, jicho lisikofika.

Wa kwanza ninaoushuku ni ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kijivalvu kilicho juu ya kifuniko cha injini kwenda kwenye inteki manifoldi, yaani mabomba yanayoigawia injini hewa. Kazi yake ni kurudisha mvuke wa oili ukachomwe ndani badala ya kutoka nje. Wa pili ni mwenziwe, unaotoka kwenye kifuniko hichohicho kwenda upande wa filta ya hewa. Huu mara nyingi huchomolewa wakati wa servisi na kusahauliwa, au hurudishwa bila klipu. Wa tatu, mpira mnene wa buster ya breki, kile kinachousaidia mguu kukanyaga breki. Huo ukipasuka utahisi pedali ya breki imekuwa ngumu, na hapo hatuzungumzii tena petroli, tunazungumzia roho yako, usiiendeshe. Baada ya hapo ndiyo ufikirie gaskiti ya inteki na vijipete vya mpira vya nozeli za kumwagia petroli. Na kuna kimoja cha kuchekesha: kijiti cha kupimia oili, kama hakikurudishwa mpaka mwisho wake, au kifuniko cha oili kilichokaa upande. Nimewahi kutafuta kutwa nzima gari ya jirani yangu, dawa ikawa kukisukuma kijiti kwa kidole gumba. Sikumtoza.

Mpelekee fundi yeyote wa Wete aliye msikivu. Hahitaji mashine. Gari ikiwa baridi, aiwashe, achukue kipande cha mpira wa maji cha urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine aipitishe taratibu kwenye kila mpira na kila kiungo. Mlio utampeleka. Halafu aibane mipira hiyo mmoja mmoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Akibana mmoja na mtetemeko ukabadilika, mshale ukatulia, basi keshaushika mwizi. Pale pasipobanika, kama maungio ya manifoldi, achukue chupa ya kunyunyizia ile ya kupigia nguo pasi, anyunyize maji kidogo na asikilize injini. Maji yakivutwa ndani, mngurumo unabadilika. Wako wanaonyunyizia petroli au spirti. Mkatalie hapohapo. Ekzosi iko jirani, na injini moja iliyoungua kwa ajili ya kutafuta tundu la ukubwa wa punje ya mchele inatosha.

Ukishajulikana mpira, usikubali uzibwe kwa solotepu au kutiliwa kipande cha mpira wa bustani. Mvuto utaukunja kama mrija wa juisi, na mvuke wa oili utaulainisha mpaka unanata. Utake mpira wa mafuta wenye ukuta mnene, wa tundu la kipimo kilekile, na klipu mpya. Gharama yake haitafika hata robo ya ile sensa.

Betri isichomolewe tena kabla ya kupima. Kobe anapowaka, kompyuta huweka picha ya wakati ule: injini ilikuwa na joto gani, mwendo gani, mzunguko gani. Anayechomoa betri anafuta ushahidi wote na kukuacha na gari inayojifunza upya. Baada ya mpira kubadilishwa ndipo uende Chake, namba ifutwe kwa mashine, na umwambie fundi akuandikie tena zile namba mbili. Ya kusimama ikishuka chini ya 10, kazi imekwisha. Hata ukiacha kufuta, kwa kawaida kobe hujizima mwenyewe gari ikishakwenda safari tatu mfululizo bila kosa.

Ikitokea mipira yote ni mizima, niandikie. Hapo nitataka kujua kama ekzosi ina ufa kabla ya sensa, maana huvuta hewa ya nje ikamdanganya mwonjaji, na kama soketi za waya zimeota ile kutu ya kijani. Sisi tunaokaa na bahari mlangoni soketi zinatuharibikia hata gari ikiwa imelala.

Kuhusu masega. Lalamiko lao lina namba yake, P0420, na hukuandikiwa hiyo. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, na wako watu wanaoyanunua. Fundi aliyekutoza kufunga sensa, leo anataka kukufanyia kazi ya ekzosi bure ili mradi umwachie masega? Mwalimu, wewe unafundisha hesabu au Kiswahili? Vyovyote iwavyo, hii umeielewa.

Jambo moja la kuangalia njiani: kobe akiwaka tu bila kupepesa, unaweza kwenda zako taratibu mpaka kwa fundi. Akianza kupepesa huku injini inamisi, weka pembeni. Hapo petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega, na yatayeyuka kweli. Na taa nyekundu ya oili, ile yenye sura ya birika, ikiwaka zima hapohapo, hata uwe katikati ya daraja.

Limebaki la shemeji. Umesema aliificha taa. Hebu kaa kwenye gari, fungua swichi bila kuwasha injini. Kobe ataonekana, kisha ukiwasha ndiyo azime au abaki kwa sababu ya kosa. Wauzaji wanaoficha huchomoa balbu au huziba kwa solotepu nyeusi nyuma ya dashibodi, na taa iliyochomolewa balbu haiwaki mwezi wa tisa kwa miujiza. Yako imewaka. Balbu iko, na miezi minane ilikuwa kimya kwa sababu hakukuwa na kosa. Kosa limeingia kwa mkono wa aliyefanya servisi, ambaye nina yakini hata hajui.

Kwa hiyo mpira uliopasuka, fundi akiutoa, usimwachie autupe. Utie kwenye mfuko, nenda nao kwa dada yako jioni ya siku hiyohiyo, na mwombe shemeji aukunje mwenyewe auone ufa.